Programu ya bure ya kusoma skrini: inawatosha wasioona wa Bukavu?

Mwalimu wa Nyawera: Ndugu zangu, kikundi chetu cha wasioona kimepewa kompyuta nne. Wenzangu wanataka tuwaombe wafadhili leseni za JAWS, programu ya kulipia inayosoma kwa sauti yaliyoandikwa kwenye skrini; leseni moja hugharimu mamia ya dola. Mimi nasema tuweke NVDA, inayofanya kazi hiyohiyo bila kudai hata senti, na fedha zikipatikana zinunue betri. NVDA ilianzishwa Australia mwaka 2006 na Michael Curran, ambaye mwenyewe haoni, kisha akaungana naye James Teh, naye pia haoni. Inakaa hata ndani ya flashi: ukiichomeka kwenye mashine ya jirani, inakusomea bila kusakinishwa. Mnaonaje?

Mkaaji wa Ibanda: Mwalimu, nakuheshimu, lakini JAWS ina umri mkubwa kuliko hiyo yako na maofisi mengi duniani yanaitegemea. Kipofu wa Kongo ataridhika na makombo mpaka lini? Na ile sauti ni kama ya mtu anayesemea ndani ya debe.

Mama wa Panzi: Makombo, Ndugu? Nilipoteza macho nikiwa mtu mzima, na barua yangu ya kwanza ya kuomba kazi niliiandika kwa JAWS isiyo na leseni. Dakika 40 zikiisha inanyamaza, na huwezi kuendelea mpaka uzime kompyuta na kuiwasha upya. Nilinyamaziwa katikati ya sentensi, mkono ukiwa bado juu ya herufi, nisijue kama nilichoandika kimehifadhiwa. Hayo ndiyo makombo. NVDA haijanihesabia dakika hata siku moja.

Mwanafunzi wa Kadutu: Mama, pole sana. Mimi hiyo sauti ya debe ndiyo iliyonigusa. Ile ni eSpeak, programu ya kutamka maandishi inayokuja ndani ya NVDA, na faida yake ni kwamba ina Kiswahili na bado inaeleweka ukiiharakisha sana. Shida yangu ni lugha. Notisi zetu ni za Kifaransa, na sauti ya Kiswahili ikikutana na neno «eau», ambalo Mfaransa hulitamka «o», inasoma e-a-u. Nikiweka ya Kifaransa, «uhuru» linapoteza h na kubaki midomo iliyobanwa tu.

Mkaaji wa Ibanda: Sikumtukana mtu, Mama, na nakuomba radhi. Lakini mtihani ni wa Kifaransa, basi mashine zisome Kifaransa.

Mama wa Panzi: Radhi nimeipokea. Ila mimi sifanyi mtihani. Nawaandikia wanangu walioko Goma, nao nawaandikia kwa Kiswahili. Kwa nini lugha yangu iondolewe kwenye mashine iliyoletwa kwa ajili yangu?

Mwanafunzi wa Kadutu: Hakuna wa kuondolewa. NVDA inakubali mipangilio tofauti kwa kila programu: unapoandika waraka isome kwa Kifaransa, unapofungua barua pepe irudi kwenye Kiswahili, bila wewe kugusa chochote. Mimi nimeshaipanga hivyo.

Mwalimu wa Nyawera: Basi kijana, Jumatatu njoo na flashi yako yenye mipangilio hiyo tuijaribu kwenye mashine ya kwanza. Mama wa Panzi ndiye atakayekaa mbele ya kibodi, na Ndugu wa Ibanda nakuomba ukae kando yake usikilize, hasa atakapofika kwenye barua za Goma.