Akina mama hawapigi simu kwenye kipindi changu cha mambo ya wadi, nifanyeje?

Mtangazaji wa Jumamosi, Kwale

Hamjambo nyote. Mimi ni mtangazaji katika redio ya jamii huku kusini mwa Pwani ya Kenya. Kila Jumamosi, saa mbili asubuhi hadi saa tatu unusu, naendesha kipindi cha mambo ya wadi: basari, maji, mashamba, pesa za kaunti zinavyotumika. Studio ni chumba kimoja, ukutani tumebandika trei za mayai ili sauti isirudi, na simu ya wasikilizaji ni moja.

Hiyo simu ndiyo inayonikosesha usingizi. Wanaopiga ni wanaume, na ni walewale watano: wawili wa steji ya boda, mwalimu mstaafu, kijana anayetaka kiti cha wadi 2027, na mzee mwenye kesi ya mpaka wa shamba. Nawaheshimu, wanatumia salio lao. Lakini mwezi uliopita tulijadili wodi ya kujifungulia ya zahanati yetu, iliyoachwa kuta zikiwa usawa wa madirisha, na kwa dakika tisini hakusikika mwanamke isipokuwa mimi.

Jumatatu yake akaja mama mmoja getini. Hakutaka kuingia. Alifungua pindo la leso akatoa karatasi iliyokunjwa mara nne, barua ya rufaa. Bintiye alipelekwa hospitali ya mbali kwa boda kwa kuwa zahanati haina pa kuzalia, akajifungulia njiani chini ya mwembe. Mtoto yu hai, alhamdulillahi. Akaniambia: "Soma wewe, mwanangu, jina langu usilitaje. Simu ni ya mume wangu, na sauti yangu majirani waijua."

Jumamosi nikasimulia hewani. Afisa wa kaunti niliyempigia akasema hana la kusema redioni.

Naomba mwenye uzoefu anisaidie. Sauti za akina mama nitazipataje bila kuwaponza? Na huyu asiyetaka kujibu nimfanyeje?

Mstaafu wa Mombasa

Mwanangu, nimeshika maikrofoni miaka mingi kabla ya kustaafu, na kosa hili la kuingoja simu nimelifanya sana. Mwenye salio na nafasi ya kukaa karibu na redio saa mbili asubuhi ni mwanamume. Toka wewe.

Nenda zahanati siku ya kliniki na kinasa sauti. Kaa kwenye benchi pamoja nao, usisimame mbele yao. Swali la kwanza lisiwe "mwaonaje uongozi wa kaunti?", kwa sababu hapo watatazamana na kunyamaza. Uliza, "Umetoka nyumbani saa ngapi?" Atakwambia alfajiri. Atakwambia nauli, atakwambia mtoto mwingine amemwacha na nani, atakwambia siku ile dawa zilipokosekana akaambiwa arudi. Siasa yote imo humo, naye hajahisi kwamba ameingizwa kwenye siasa.

Jina kulificha hakutoshi. Kama ule mwembe umeutaja hewani, usiutaje tena. Kijijini mwembe ni jina la mtu. Boda naye vivyo hivyo, maana steji yote yajua nani alimbeba nani.

Kuhusu afisa: mwandikie maswali matatu, mpe siku tatu, kisha uwaambie wasikilizaji ulimpigia lini na saa ngapi, basi. Usimkejeli. Ukimkejeli, wiki ijayo watu watazungumza adabu yako, na zile kuta zitasahaulika.

Karani wa zamani

Kwa hilo la afisa kuna njia nyingine. Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya 2016, inayotokana na Kifungu cha 35 cha Katiba, inampa kila raia haki ya kuomba habari zilizo mikononi mwa serikali, na kaunti imo. Ombi laweza kuandikwa kwa Kiswahili. Wengi hawalijui hili, hujikalifisha na Kiingereza mpaka wanaghairi. Asiyejua kuandika anaweza kulitamka, na afisa wa habari analazimika kumwandikia. Sababu za kuomba si lazima uzieleze. Kuwasilisha ombi hakuna ada, unalipia nakala tu. Majibu yanatakiwa ndani ya siku 21. Wakikataa, peleka malalamiko kwa Tume ya Haki ya Utawala, ile tunayoiita Ombudsman.

Omba vitu vinavyoshikika: mkataba wa ujenzi wa ile wodi, kiasi kilichotengwa, kiasi alicholipwa mkandarasi na tarehe za malipo. Ukiuliza "kwa nini mradi umekwama?" utaandikiwa hotuba. Na kabla ya yote soma ripoti za Mdhibiti wa Bajeti, hutoka kila robo ya mwaka, kaunti kwa kaunti.

Panga na kalenda pia. Makadirio ya bajeti hufika bunge la kaunti kufikia tarehe 30 Aprili na hupitishwa kufikia 30 Juni. Kipindi cha Mei kina uzito kuliko cha Agosti, kwa sababu Mei kamati bado inatakiwa kusikiliza maoni ya wananchi.

Mkulima wa mwani, Pemba

Mie sikubaliani kabisa na kinasa sauti peke yake. Mtu anakurikodi maneno kumi, anatia mawili, na ukisikia mwengine anakujibu wewe huna pa kumjibu. Sie kwenye shehia yetu, ndio kama wadi yenu huko, tulikaa kikundi, wanawake kumi na kitu, redio moja, simu ya mwenzetu mmoja. Kipindi kikianza, redio ndiyo inayotupigia, salio si letu. Anayezungumza anazungumza kwa niaba ya kikundi, hata mume akisikia sauti ya mkewe anajua si maneno yake pekee.

Na saa mbili asubuhi, dada yangu, angalia maji. Nasikia na huko Kwale kuna wanawake wa mwani. Siku za bamvua, maji yanapojaa na kutoka sana, sie wakati huo tunafunga kamba tushuke pwani, maji yakitoka tumo ndani mpaka magotini, redio iko nyumbani inazungumza na watoto. Hutupati hata ukitupa simu ya bure. Weka alasiri.

Mzaliwa wa Korogocho

Nimekulia karibu na Koch FM, redio ya jamii ya mtaa wa Korogocho, Nairobi, iliyoanzishwa na vijana wa mtaa 2006 ndani ya kontena. Masafa yake ni mafupi, ila mlango uko karibu, na mtu mwenye neno anafika kwa miguu. Yule mama wa getini ndiye mpigaji simu wako wa sita. Weka benchi hapo.

Mtangazaji wa Jumamosi, Kwale

Nimesoma yote, nawashukuru sana.

Meneja amekubali tujaribu alasiri, saa kumi, kuanzia mwezi ujao. Kikundi cha kwanza ni cha akina mama wa mwani, na ni sisi tutakaowapigia. Kwenye zahanati nitakwenda na kinasa sauti, lakini kila mmoja nitamsikilizisha kipande chake kabla hakijaruka hewani. Hilo nimelipata kwako, dada wa Pemba.

Barua ya kuomba habari za wodi nimeipeleka kaunti Jumatatu, kwa Kiswahili, ukurasa mmoja, na nakala yangu imepigwa muhuri. Siku ya ishirini na moja ni Jumatatu vilevile. Jumamosi inayofuata nitawaeleza wasikilizaji kilichojibiwa, au kwamba hakuna kilichojibiwa.

Mzee wangu, ule mwembe niliutaja hewani, na maneno yako yamenichoma. Nilikwenda kwa yule mama kumwomba radhi. Akasema ni kweli, sokoni wameshamuuliza. Tukakaa kimya kidogo. Nikamwambia habari ya benchi, akaniuliza litawekwa lini, maana wapo wenzake watatu.