Naomba ushauri: loki ya boksi la chini ya siti ya Hiace inaachia kwenye matuta

Wakuu habari zenu, mimi ni fundi siti hapa Mbagala, kuna mteja ana Hiace ya abiria kaniomba boksi la kuwekea jeki na spana chini ya siti ya nyuma, nimetumia plaiwudi ya mm 12, mlango unafungukia mbele. Shida ni loki. Nilianza na sumaku zile za makabati ya jikoni, gari ikipiga tuta tu inaachia, juzi jeki imetoka ikateleza mpaka miguuni kwa mama mmoja, namshukuru Mungu hakuumia ila roho iliniuma sana. Nikaweka komeo la kusukuma, hilo linashika lakini linagonga ka ka ka njia nzima.

Sasa nawaza ile loki ya ndoano kama ya masanduku ya chuma ya shuleni, maana yenyewe inavuta mlango ukabana kwenye mpira, kelele zinaisha, ila inachomoza na abiria watachanika nguo. Niizamishe ndani ya ubao? Au jeki niifunge kwa mkanda humo ndani ili isisukume mlango kabisa? Aliyewahi kufanya anisaidie jamani, gari inarudi barabarani jumatatu.