Programu za kufundisha stadi za kijamii zinamsaidia kweli kijana mwenye usonji?

Mama wa Kijana:
Habari zenu, wanajukwaa. Mwanangu ana miaka 14 na ana usonji. Huzungumza vizuri, hasa akiulizwa habari za treni, lakini wenzake wakiwa kundi hajui aingie vipi kwenye mazungumzo, na mara nyingi huishia kusimama pembeni akiwa ameinamia simu. Nimeshauriwa nimnunulie programu inayofundisha kutambua hisia kwa kutumia picha za nyuso. Je, yupo aliyeona mafunzo hayo yakimfaa kijana mbele ya watu halisi?

Mwalimu wa Elimu Maalumu:
Dada yangu, uso wa kwenye picha umetulia na hausubiri jibu, ilhali uso wa mtu anayezungumza hubadilika kila mara. Ndiyo maana kijana anaweza kupata alama zote kwenye kishikwambi na bado akakwama akiwa na wenzake. Mwaka 2019 watafiti wa Chuo Kikuu cha Stanford walichapisha matokeo ya utafiti wa watoto 71 wa miaka 6 hadi 12, ambapo waliotumia miwani ya kompyuta iliyowadokeza hisia za watu wa nyumbani kwao, pamoja na tiba ya kawaida, walipiga hatua zaidi katika stadi za kijamii kuliko waliopata tiba hiyo peke yake. Kilichonivutia ni kwamba walifanya mazoezi na watu wao wenyewe.

Simu yako inatosha kuanzia. Mrekodi binamu yake akilikaribia kundi, akisikiliza hadi aelewe linazungumzia nini, kisha akisema neno moja linalohusiana na mazungumzo hayo. Video iwe fupi na ionyeshe tendo hilo tu. Aitazame, kisha ajaribu siku hiyohiyo.

Kaka Mwenye Usonji:
Shikamoo, mama. Mimi nina usonji, na ningeomba umuulize kwanza mwenyewe kama anataka kuingia katika kundi hilo. Damian Milton, msomi wa Uingereza ambaye naye ana usonji, alieleza mwaka 2012 kwamba kutoelewana kati yetu na wasio na usonji kunatoka pande zote mbili. Basi si haki kijana peke yake ndiye afundishwe. Mtafutie pia jukwaa la wapenda treni lenye wasimamizi makini. Autcraft, seva (yaani ukumbi wa mtandaoni) ya mchezo wa kompyuta wa Minecraft iliyoanzishwa mwaka 2013 kwa ajili ya watu wenye usonji na familia zao, imewapa wengi marafiki, kwa sababu unapoandika unapata muda wa kufikiri na hakuna anayekulazimisha kumtazama machoni.

Mama wa Kijana:
Marahaba, mwanangu. Nitamuuliza leo. Mwalimu, video hiyo ataitazama hadi lini?

Mwalimu wa Elimu Maalumu:
Akishaweza tendo hilo bila kukumbushwa, ipunguze taratibu, kisha rekodi lingine alilochagua yeye. Na tafadhali, usiisambaze video yoyote ya watoto hao.