Fitingi za tyubu za zamani kwenda LED: moja inawaka, nyingine inakata breka (gereji, Kirumba)

GerejiKirumba (mleta mada)
Wakuu habari za kazi. Gereji iko Kirumba, Mwanza, upande wa kuelekea soko la Mwaloni, karibu na ziwa. Ukubwa ni mita 9 kwa 7, paa la bati, hakuna silingi bodi. Kuna fitingi 6, kila moja ina tyubu mbili za futi 4 za wati 36, zile za choki (koili ya kudhibiti umeme) na stata (kiwashio). Nyingine zinapepesa, nyingine zimekuwa nyeusi kwenye ncha, na jioni umeme ukiwa mdogo haziwaki kabisa.

Fundi ametoa choki kwenye fitingi mbili na kufunga tyubu za LED za wati 18. Fitingi ya kwanza inawaka vizuri, ila ukizima swichi usiku tyubu zinabaki na mwanga hafifu. Ya pili ukiwasha tu, breka inakata. Fundi anasema tyubu ni mbovu, muuzaji anasema ni nzima. Laini hiyo hiyo ina soketi ya mashine ya kuchomelea.

Nabadilisha tyubu tu au ning'oe fitingi zote? Na wadudu wa ziwani wakitanda jioni wanajaa ndani ya taa, kuna dawa?

Volti230
Usinunue kitu kwanza. Tyubu za LED zinafanana kwa nje lakini ndani ziko za aina mbili, na kosa lako liko hapo. Aina ya kwanza inapokea moto (waya wenye umeme) na nyutro (waya wa kurudishia umeme) kwenye ncha moja. Ncha ya pili ni ya kushikilia tu, na mara nyingi pini zake mbili zimeunganishwa kwa ndani. Aina ya pili inapokea moto ncha hii na nyutro ncha ile, na kila ncha pini zake mbili ni kitu kimoja.

Sasa fikiria fundi amepeleka moto na nyutro kwenye holda ya upande mmoja. Ukiweka tyubu ya aina ya kwanza kinyumenyume, au ukiweka ya aina ya pili kwa namna yoyote, umeunga moto na nyutro kwa kipande cha waya. Hiyo ni shoti kamili, na breka imefanya kazi yake.

Chukua maltimita, weka kwenye mlio, pima pini mbili za kila ncha tyubu ikiwa mkononi. Ikilia ncha zote mbili, ni ya moto huku nyutro kule. Ikilia ncha moja tu, ni ya ncha moja, na ile isiyolia ndiyo inayokaa kwenye umeme (kwa kawaida ina alama L na N). Kuna zenye fyuzi ndogo kwenye ncha iliyounganishwa, kwa hiyo ukisoma omu chache badala ya sifuri usishangae. Pima zote nne ulete majibu.

ChokiNaStata
Naongezea, na hapa najua nitapingwa. Hakukuwa na haja ya kutoa choki. Tyubu nyingi za LED za ncha moja zinakuja na kile kistata chao, ambacho ndani ni fyuzi tu. Unatoa stata ya zamani, unaweka hiyo, unaweka tyubu, umemaliza. Umeme unapita choki, unaingia LED, unarudi kwa njia ya kile kistata hadi ncha ya pili na kutoka kwenye nyutro. Kwa mfumo huo hata ukigeuza tyubu inawaka, hakuna shoti.

Watu wanasema choki inakula umeme. Inakula ikiwa na tyubu ya zamani, kwa sababu tyubu ya wati 36 inavuta karibu ampea 0.43 na choki inapoteza wati 8 hadi 10 kwa joto. LED ya wati 18 inavuta chini ya ampea 0.1. Upotevu kwenye waya wa choki unakwenda kwa mraba wa ampea, kwa hiyo unabaki chini ya wati moja. Tena choki inapunguza makali ya umeme unaporudi kwa kishindo.

Ila stata ya zamani ikibaki, LED itawaka na kuzima kama taa ya indiketa. Na choki ikiwa ya elektroniki (kiboksi chepesi, fitingi haina stata), mpango huu haufai. Hiyo lazima itoke.

Volti230
Hesabu ya @ChokiNaStata ni sahihi, na kwa fitingi mpya ningekubali. Kwa fitingi za umri huu karibu na maji, sikubali. Choki zinazovuma zimeanza kulegea au kuchoka insulesheni, na kila kiungo chenye kutu ni mahali pa kupata joto. Fungua uone.

Halafu kuna kapasita. Fitingi za 36 mara nyingi zina kapasita ya maikrofaradi 4 hadi 4.5 kwa kila tyubu, kati ya moto na nyutro. Kwa 230 V, 50 Hz ya 4.5 inavuta karibu ampea 0.32 peke yake, mara nne ya tyubu ya LED! Luku haihesabu sana umeme wa namna hiyo, lakini waya na swichi vinaubeba. Itoe. Fitingi nyingine za tyubu mbili zina kapasita iliyofungwa mfululizo na choki moja ili tyubu zisipepese pamoja; LED ikikaa upande huo haifanyi vizuri. Kapasita inashika chaji hata umeme ukizimwa, iunganishe kwanza na rezista kabla ya kuishika.

GerejiKirumba
Nimepima. Mbili zinalia ncha moja tu. Mbili zinalia ncha zote. Boksi zote zimeandikwa wati 18 na rangi ni moja.

Volti230
Basi jibu umelipata: umeuziwa aina mbili. Fitingi inayokata breka ndiyo yenye zile zinazolia ncha zote. Tyubu zote ni nzima.

Chagua aina moja kwa gereji nzima. Mimi nachagua ya ncha moja, kwa sababu ya ncha mbili ina hatari moja mbaya: ukiingiza ncha ya moto kwanza huku swichi imewashwa, pini za upande wa pili zinaweza kukupiga kupitia LED zenyewe. Rudisha hizo mbili dukani, uende na maltimita.

Kufunga ni hivi. Zima breka, si swichi tu, kisha hakikisha kwa testa. Toa choki, stata, kapasita na nyaya zake. Peleka moto kwenye pini moja na nyutro kwenye pini nyingine ya holda za upande mmoja, zote upande ule ule kwa fitingi zote sita. Holda za upande wa pili ziache tupu kabisa. Erthi ifungwe kwenye bati la fitingi kwa skrubu iliyokwanguliwa rangi. Tyubu mbili za fitingi moja ni sambamba, siyo mfululizo. Holda iliyopauka na kumeguka ukiibonyeza, badilisha. Plastiki imeliwa na mwanga wa tyubu za zamani. Mwisho andika kwa maka pen ndani ya fitingi: "LED TU, moto upande huu". Mtu akija kesho akaweka tyubu ya kawaida hapo, anapeleka 230 V moja kwa moja kwenye nyuzi ya ncha na inakatika kwa mwanga mkali.

Mwanga hafifu ukizima: swichi inakata nyutro badala ya moto. Zima swichi, weka testa kwenye pini ya moto ya holda. Ikiwaka, umepata mchawi. Badilisha nyaya mahali swichi inapochukua umeme. Kwenye nyaya za zamani nyekundu ni moto na nyeusi nyutro. Mpya ni kahawia na bluu, lakini usiamini rangi ambayo hujaipima. Kama swichi iko sawa na mwanga bado upo, angalia kama ni swichi yenye kataa kadogo ndani yake, hako ndiko kanakopitisha umeme.

BatiNaJoto
Hakuna aliyegusa mashine ya kuchomelea, na ndiyo itakayoua taa hizi kabla ya wakati wake. Choki ya zamani ilivumilia. Draiva ya LED (saketi iliyo ndani ya tyubu inayoilisha umeme) ina kapasita ndogo na vifaa vya elektroniki. Kila fundi anapoanza na kuacha kuchoma, volti inayumba na kuruka kwenye laini ile ile. Vuta laini mpya ya taa kutoka meni swichi: waya wa 1.5 mm² na breka ya ampea 6 au 10, isiyobeba soketi yoyote. Weka na kinga ya umeme unaoruka ghafla (surge) kwenye boksi.

La pili ni bati. Saa nane mchana hewa chini ya bati lisilo na silingi ni ya moto mno, na joto ndilo linalokausha kapasita za draiva. Shusha fitingi kwa mnyororo sentimita 30 hadi 50 chini ya bati.

Umeme mdogo wa jioni hautakusumbua tena ukinunua zilizoandikwa 100–265 V au karibu na hapo. Zile zilizoandikwa 220–240 V tu, acha.

RangiNaPolishi
Kwa mita 63 za mraba, tyubu 12 za lumeni 2,000 hivi (mwanga unaotoka kwenye kila tyubu) zinakupa takriban laksi 180 (mwanga unaofika) sakafuni baada ya vumbi na upotevu. Kazi ya gereji inataka 300. Zisogeze basi: panga mistari pembeni ya magari, siyo juu ya paa la gari. Taa iliyo juu ya boneti inazibwa na boneti ikifunguliwa. Paka ukuta rangi nyeupe, kisha taa ya mkononi imalizie.

Kama mnapiga rangi, sehemu hiyo iwe na kelvini (kipimo cha rangi ya mwanga) 4,000 hadi 5,000 na uaminifu wa rangi (Ra) 90 kwenda juu. Hizi za 6,500 za bei poa zinafanya milango miwili ya rangi tofauti ionekane sawa, mteja anagundua juani.

Na pima mpepeso: washa grainda ya meza, tazama jiwe. Grainda nyingi zinazunguka karibu mara 2,900 kwa dakika, na taa yenye draiva duni inapepesa mara 100 kwa sekunde. Jiwe litaonekana kama linasogea polepole au limesimama. Mtu ataweka kidole. Tyubu ya namna hiyo irudi dukani.

Wadudu: LED haitoi mwanga wa urujuanimno kama tyubu, kwa hiyo watapungua, hawataisha. Karibu na mlango weka za kelvini 3,000, na fitingi zilizofungwa za IP65 (haziingizi vumbi wala maji) zenye glandi (kizibo kinachobana waya) kwenye tundu la waya. Tundu likibaki wazi wanaingia humo humo.

ChokiNaStata
Akiba kwa anayeuliza: fitingi sita zilikula wati 540 na choki zake, sasa 216. Saa 5 kwa siku 26 ni uniti 70 dhidi ya 28. Kwa wenye T1 (kundi la bei ya matumizi ya kawaida ya umeme), Luku ya 10,000 inatoa uniti 28 hivi, kwa hiyo ni kama 15,000 kwa mwezi. Na tyubu za zamani zenyewe zinaondoka: nchi wanachama wa Mkataba wa Minamata (wa kudhibiti zebaki) zilikubaliana 2023 kukomesha kutengeneza na kuingiza zile za unga wa kizamani mwisho wa 2026, na zilizobaki mwisho wa 2027.

Mnazozitoa msizivunje, zina zebaki. Rudisha kwenye maboksi ya LED. Ikipasuka, fungua milango, watu watoke dakika 15, kisha zoa kwa karatasi ngumu na utepe wa gundi, usitumie ufagio.

GerejiKirumba
Asanteni sana wakuu. Swali la mwisho: nilitaka tyubu mbili zilizobaki niweke ndani ya shimo la kukagulia magari.

BatiNaJoto
Hapana. Mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa, unatuama humo shimoni. Holda iliyolegea au swichi ikitoa cheche moja inatosha. Humo weka taa za volti 12 au 24 zilizofungwa kabisa, transfoma na swichi viwe juu, nje ya shimo.