Picha ya Ijumaa: Hapa ni wapi?

Kikundi: UKOO WA BIBI, ILALA

Mjomba Hamisi: Assalaam aleikum ukoo. Picha ya leo hiyo. Nimekata kipande tu. Ni Dar hii hii. Hapa ni wapi?

Zuhura: Waaleikum salaam, shikamoo mjomba. Naona ncha ya singe na mawingu. Sanamu ya Askari, Posta!

Mjomba Hamisi: Marahaba mwanangu. Ndiyo. Haya, singe inaelekea wapi?

Baba Zai: Feri

Mjomba Hamisi: Umekaribia. Bandarini. Yupo pale tangu 1927. Kabla yake palikuwa na sanamu ya Wissmann, gavana wa Kijerumani. Waingereza walipouteka mji 1916 wakaing'oa.

Zuhura: Nashuka Posta kila asubuhi na sijawahi kuangalia bunduki inaelekea wapi 😳

Mjomba Hamisi: Ndiyo maana naleta hizi picha. Ya pili hiyo.

Mama Zai: Vijipaa vya vigae vyekundu juu ya madirisha... Hii hoteli?

Kassim: St. Joseph

Shangazi Rukia: Hapana Kassim, St. Joseph ina mnara uliochongoka. Hiyo ni Azania Front, kanisa la Walutheri. Vijipaa hivyo viko dirisha kwa dirisha, na mnara nao una vigae hivyo hivyo.

Mjomba Hamisi: Hongera dada. Wajerumani walianza kulijenga 1898. Kwa vijipaa hivyo, jua la pwani na mvua ya masika havigongi dirisha moja kwa moja. Siku hizi tunajenga vioo vitupu halafu tunawasha AC kutwa.

Kassim: Kweli kabisa. Ofisini kwetu pazia halifunguliwi mwaka mzima.

Mjomba Hamisi: Ya tatu. Hii ni ya zamani, kabla ya moto. Nataka wadogo wajibu kwanza.

Zai: shkamoo babu. ni miavuli ya zege imegeuzwa juu chini?

Mjomba Hamisi: Marahaba mjukuu wangu. Umeona vizuri. Iko wapi sasa?

Zai: sijui 😭 stendi?

Shangazi Rukia: Jamani! Hiyo ni Kariakoo sokoni! Nimeuza nyanya Shimoni, kule sehemu ya chini ya ardhi, miaka na miaka chini ya paa hilo.

Mjomba Hamisi: Hiyo hiyo. Zai, sikiliza. Soko lile alilichora Mtanzania, Beda Amuli, likafunguliwa 1975. Kila mwavuli umesimama kwa nguzo yake, na umetengana na mwenzake, hewa ya moto inatokea juu. Watu walikuwa maelfu ndani na hewa inapita yenyewe. Na kwa kuwa imegeuzwa, mvua ikinyesha inakinga maji badala ya kuyamwaga kwa wateja.

Shangazi Rukia: Joto la Februari nje usipime, ukiingia ndani unapata nafuu. Nilidhani ni kwa sababu ya kivuli tu.

Baba Zai: Na ule moto wa Julai 2021 niliukumbuka ukanitoa machozi. Nilienda asubuhi yake nikakuta watu wamesimama tu.

Shangazi Rukia: Usinikumbushe baba.

Mjomba Hamisi: Pole dada. Mimi kwangu lile ndilo jengo bora la mji huu. Watalii wanapelekwa Boma la Kale, na ni sawa, lile ni la Sultani Majid, 1866 hadi 67, kuta za mawe ya matumbawe. Lakini Kariakoo tulijichorea wenyewe kwa ajili ya mama anayeuza nyanya.

Mama Zai: 🙏🏾

Kassim: Mjomba leta ya mwisho, kikao kinaanza.

Mjomba Hamisi: Hiyo. Plasta juu kabisa ya ghorofa moja: jina la mwenye nyumba, ua pembeni, na mwaka. Mwaka nimeuficha.

Zuhura: Mtaa wa Jamhuri?

Baba Zai: Kisutu, karibu na mahekalu?

Mjomba Hamisi: Kote huko zipo, Wahindi wa zamani walikuwa wanaandika. Sijibu. Zinabomolewa kupisha maghorofa, kwa hiyo nataka mwende mkazione kwa macho kabla hazijaisha. Atakayepiga picha ya jengo zima kufikia Jumapili, chakula cha mchana ni juu yangu.

Zai: mama twende kesho!!

Mama Zai: Baada ya madrasa. Vaa kofia.

Shangazi Rukia: Nipitieni na mimi. Naijua nyumba hiyo, ila simwambii mtu.