Mrejesho: yale majina ya Kiingereza yanayohusu upinde na mishale

Wakuu habari zenu, niliuliza kama jina la ukoo la Kiingereza Fletcher lina uhusiano na mishale, nikaahidi kurudi, nimerudi na aisee hili jambo ni tamu kuliko nilivyodhani.

Jibu ni ndiyo. Fletcher alikuwa fundi wa mishale, neno limetoka kwenye Kifaransa cha zamani, na Bowyer ni fundi wa pinde. Stringer huyo anasokota ugwe, afu Arrowsmith ni mhunzi wa kufua vile vichembe vya chuma vya mbele ya mshale. Yani silaha moja imegawa kazi kwa mafundi wanne na kila mmoja kaachia wajukuu jina! Na hawakutaka kuingiliana, mwaka 1371 mafundi wa mishale wa London walimwomba meya watenganishwe na wa pinde, mtu achague kazi moja tu.

Kilichonigusa zaidi ni ukubwa wa kazi yenyewe. Mfalme Edward III wa Uingereza aliagiza mwaka 1363 wanaume wafanye mazoezi ya kulenga kwa upinde siku za sikukuu, na kwenye meli ya kivita ya Uingereza, Mary Rose, iliyozama 1545 na kuinuliwa 1982, walikuta pinde nzima 137 na mishale zaidi ya 3,500, sasa fikiria jeshi zima lilihitaji mafundi wangapi, ndo maana hayo majina yamejaa mpaka leo.

Aliyeuliza kuhusu Archer, huyo ndo mpiga mishale mwenyewe, nalo limepitia Kifaransa.