Naomba ushauri: pawa saplai ya deskitopu ipoe bila feni, chumba kiwe kimya

Sauti ya Tabata
Wakuu, habari za usiku. Nimekwama, na kazi ina tarehe ya kukabidhi.

Nasoma vitabu vya shule kwa sauti na kuvirekodi, vinakwenda kwa wanafunzi wasioona. Narekodi chumbani kwangu baada ya saa 5 usiku, bodaboda zikipungua. Tatizo ni deskitopu, ile flati ya ofisini ya mtumba. Diski ni SSD, ile isiyozunguka, haina neno. Kelele yote inatoka kwenye pawa saplai, lile boksi linaloipa mashine umeme. Feni inavuma, na nikinyamaza kati ya sentensi moja na nyingine ule uvumi unajaa kwenye hedifoni. Nikiutoa kwa programu, sauti yangu nayo inaharibika, herufi "s" zinaliwa.

Naomba njia ya kupoza pawa saplai bila feni kabisa. Nimesikia habari ya kuizamisha kwenye mafuta. Anayejua anielekeze, hasa aina ya chombo.

Kibatari
Mafuta gani hayo mkuu? Ya taa au ya alizeti?

Mama Wawili
Hongera kwa kazi hiyo mwanangu. Mimi ningeanza na chumba. Simamisha godoro ukutani, tundika mablanketi, maiki iipe kompyuta mgongo. Kwaya yetu ya kigango narekodi kwa simu mbele ya kabati la nguo lililo wazi, na paroko mwenyewe amesifu.

Fundi Koili
Turudi kwenye swali. Pawa saplai inapokea volti 230 na kutoa 12, 5 na 3.3, na katika kubadilisha huko kuna umeme unaopotea ukawa joto. Kompyuta ikihitaji wati 100 na saplai ikawa na ufanisi wa asilimia 80, inavuta wati 125 ukutani. Zile 25 zinabaki ndani ya bati. Saplai ya asilimia 92 inabakiza kama 9 tu. Ndiyo maana saplai zisizo na feni zipo, Seasonic wanazitengeneza. Ila zimesanifiwa hivyo tangu mwanzo: ufanisi mkubwa, hiti sinki (vipande vya chuma vya kutawanya joto) nene, bati lenye matundu, na unaziweka mahali hewa ya moto inapoweza kupanda na kutoka. Saplai ya kawaida ukiing'oa feni haigeuki kuwa hiyo.

Halafu mashine nyingi za ofisini plagi zake ni za peke yake. OptiPlex 9020 ya Dell, kwa mfano, plagi kuu ina pini 8 badala ya 24 za kawaida, kwa hiyo huingii dukani ukanunua saplai yoyote.

Mashine yako ni ipi? Na umeshaifungua?

Sauti ya Tabata
Shukrani Fundi. Ni hiyo hiyo uliyoitaja, saplai imeandikwa wati 255. Saplai isiyo na feni bei yake naona inazidi mashine nzima, kwa hiyo hiyo tuiache. Chombo kiwe cha plastiki au cha kioo?

Nanga Ubungo
Umeulizwa kama umeshaifungua, umeruka.

Sauti ya Tabata
Nimeifungua. Feni nimeshaitoa, na inapiga kazi bila feni tangu wiki iliyopita, haijazima hata mara moja. Mfuniko nauacha wazi ipate hewa. Ukigusa bati ni la moto lakini mkono unavumilia. Na mafuta nimeshanunua, kwa hiyo msinirudishe nyuma, nisaidieni nimalize.

Fundi Koili
Kaka, kwanza rudisha mfuniko. Ile kapasita kubwa, kifaa kinachotunza chaji, inakaa na volti kama 325, na kwenye saplai zenye PFC (saketi ya kurekebisha namna umeme unavyovutwa) zinakaribia 400. Ukichomoa waya ukutani chaji inaweza kubaki mle. Na zile hiti sinki za alumini, kwenye baadhi ya saplai zimeungana na upande wa umeme mkubwa. Unaona kipande cha bati kisicho na hatia, ukikigusa kinakubeba. Kuna watoto humo ndani?

La pili, kutozima si ushahidi wa uzima. Kila joto la kapasita likipanda nyuzi 10, umri wake unakatika nusu. Siku ya kufa haipigi hodi, na inaweza kuondoka na ubao mama.

Mzee wa Kigamboni
Fundi anasema kweli. Enzi za mgao wa 2006 nilikuwa na kibanda cha kuchapa barua Temeke. Umeme ulirudi jioni ghafla, saplai ikapiga kama baruti, moshi mweupe, mteja akakimbia na kalamu yangu. Barua yake ilikuwa ya kuomba kazi bandarini. Nikaiandika upya kwa mkono usiku ule, akaipeleka asubuhi, na kazi alipata. Mpaka leo tukikutana kivukoni ananilipia nauli.

Kijana, hayo mafuta ni ya aina gani na umeyatoa wapi?

Sauti ya Tabata
Mzee shikamoo. Ni mafuta ya transfoma. Nimeuziwa na kijana wa mtaani, amesema yalibaki kwenye kazi. Kiufundi ndiyo yanayofaa, kazi yake ni kuhami umeme na kubeba joto. Wazungu wanazamisha kompyuta nzima kwenye mafuta ya madini na zinafanya kazi, video zipo tele.

Binti wa Pwani
Yalibaki kwenye kazi gani? Mafuta ya transfoma hayauzwi uchochoroni kwa dumu. Yakinyonywa, koili hazina cha kuzipoza, transfoma inaungua na mtaa mzima unalala giza: zahanati, mashine ya kusaga, mama anayeuza samaki wa kwenye friji. Sisi huku tulikaa gizani kwa sababu hiyo hiyo. Unarekodi kwa ajili ya wanafunzi, jambo jema kabisa, kwa mafuta yaliyowazimia wanafunzi wengine taa. Mimi siwezi kunyamaza.

Kibatari
Kenya mwaka 2014 iliripotiwa wanayakaangia chipsi. Yeye angalau anakaanga saplai.

Sauti ya Tabata
Dada, mimi sikuiba. Nimenunua kwa pesa yangu, na nisingenunua mimi angenunua mwingine. Nimeomba ushauri wa kiufundi.

Fundi Koili
Wa kiufundi ndio huu. Transfoma za zamani mafuta yake yanaweza kuwa na kemikali ya PCB, ile inayopigwa vita na Mkataba wa Stockholm wa 2001. Inahusishwa na saratani, na ikishaingia mwilini haitoki kirahisi. Dumu halina lebo, huwezi kujua. Wale wa kwenye video wanatumia mafuta mapya yaliyosafishwa. Hata hao, mafuta yanapanda kwenye nyaya taratibu mpaka yanadondokea mezani, na raba na plastiki baadhi zinavimba. Tena mafuta hayafuti joto. Yanalipokea tu, kisha nayo yanahitaji pa kulipeleka. Kwenye chumba cha Dar mwezi wa pili utakuwa na ndoo ya mafuta moto karibu na kitanda.

Kama unaweza kuitoa mashine nje ya chumba, itoe. Waya wa maiki wa XLR, ule wa plagi ya pini tatu, unakwenda mita nyingi bila shida.

Sauti ya Tabata
Nje ni korido ya wapangaji wote. Asubuhi nisingeikuta.

Nanga Ubungo
Wakuu mnapigwa chai hapa. Akaunti mpya, picha hakuna. Saplai ya wati 255, haina feni, joto la Dar, wiki nzima, haijazima? Hiyo kwa kweli ingeshakuwa mkaa. Huyu ama ana mafuta anatafuta wateja, ama anataka tu tubishane. Wanafunzi wasioona amewaweka ili tumwonee huruma.

Mwalimu wa Jioni
Nanga, usihukumu haraka. Wati 255 ni uwezo wa juu, haina maana kwamba ndizo inazotumia muda wote. Mashine inayorekodi sauti tu, bila michezo wala kadi ya picha, tuseme inahitaji wati 40. Saplai ikipoteza hata asilimia 15 ya inachovuta, ni wati 7 za joto. Kwa mfuniko wazi inaweza kabisa kwenda wiki. Inazeeka vibaya, lakini inakwenda. Hesabu haimpingi.

Nanga Ubungo
Hesabu umemfanyia wewe. Yeye atupie picha.

Sauti ya Tabata
Picha naweka kesho mchana kukiwa na mwanga. Akaunti ni mpya kwa sababu sikuwahi kuwa na shida ya kuuliza huku. Wanafunzi wapo, siwezi kuwataja kwa majina ili wewe uridhike.

Msikilizaji
Naomba niseme, maana mnatuzungumzia. Mimi sioni, na vitabu nimesoma kwa masikio tangu sekondari. Nasikiliza kwa kasi mara mbili, wenzangu wengi pia. Uvumi mdogo usiobadilika baada ya dakika chache siusikii tena. Kinachonitesa ni rekodi iliyosafishwa kupita kiasi. Kwa kasi ile "shina" na "sina" zinasikika karibu sawa, narudia sentensi nzima kujua mwandishi kasema nini. Majina ya watu na tarehe za Historia ndiyo balaa zaidi. Ndugu msomaji, acha uvumi kidogo, tuachie "s" zetu. Na usife kwa umeme, wasomaji wa Kiswahili wanaotusomea tunawahesabu kwa vidole.

Sauti ya Tabata
Hilo hakuna aliyewahi kuniambia. Nilidhani mnataka kimya kama cha studio. Unasikiliza mara mbili hata hesabu?

Msikilizaji
Hesabu taratibu. Jiografia na Historia mara mbili.

Fundi Koili
Basi kazi imepungua. Kunja karatasi gumu liwe bomba, sikiliza feni moja moja ujue kweli anayevuma ni nani. Kama ni ya saplai, mara nyingi ni vumbi na bushi iliyokauka. Fundi anaisafisha, anatia tone la mafuta ya cherehani, au anafunga feni mpya ya saizi ile ile inayozunguka taratibu zaidi. Ukipata pesa, tafuta mashine ndogo ya mtumba inayotumia adapta ya nje kama ya laptopu. Saplai yake haina feni, inabaki ile ya prosesa tu.

Feni uliyotoa bado unayo?

Sauti ya Tabata
Ninayo. Ila sikuichomoa, nilikata waya. Nikiziunganisha mwenyewe na kuzifunga selotepu kuna ubaya?

Fundi Koili
Upo. Selotepu ikipata joto gundi inaachia. Usiirudie kuifungua wewe. Chomoa ukutani, iache, mpelekee fundi mwenye mita na soda ya kulehemu waya. Na hilo dumu lifunge vizuri, usimwage mtaroni wala usimpe mtu.

Binti wa Pwani
Na yule kijana ukimwona tena, usinunue.

Nanga Ubungo
Picha bado naisubiri.